Mitego ya Mstari wa Juu

Jumamosi, 26 Mei 2007

Tumeanza! Wadi Sumaira, nyuma ya Qurayyat. Mimi, Nahashon, na pikapu ya kampuni yenye kiyoyozi kinachofanya kazi kikipenda. Barabara mpya inataka kupita humu bondeni, na kabla haijapita lazima mtu aseme humu mnaishi nini. Mtu mwenyewe ndiye mimi. Popo na wanyama wadogo wadogo: panya, virukanjia, kalunguyeye. Ndege kapewa Mwingereza, naye kawekewa chumba hotelini. Sisi tuna hema na birika.

Nahashon ni Mkenya, fundi wa mitego. Kabla ya Oman alikuwa Ghana, kaskazini kwenye mbuga za nyasi, kazi hii hii. Ananiita "madam". Nikamwambia mimi Muhsina tu, hakuna madam hapa. Akasema sawa, madam.

Mitego ni visanduku vya bati. Mnyama anafuata chambo, mlango unajifunga nyuma yake, anakaa humo mpaka asubuhi tuje tumpime na tumwachie. Lakini lazima tuje mapema! Jua la huku likishapanda, kisanduku ni tanuri. Na tuna sheria moja isiyochezewa: juu ya kila mtego, kwenye kichaka, kuna kitambaa chekundu. Ukiutoa mtego, unafungua na kitambaa. Pasipo na kitambaa hapana mtego. Rahisi, hata mimi naiweza.

Mistari mitatu. Wa chini kwenye mitende, wa kati kwenye mawe, wa juu karibu na pango la popo — kupanda mpaka magoti yanalia.

Mwenye mbuzi wa bonde hili amekuja kututazama. Bakhit jina lake, mtu mkavu, hataki salamu ndefu. Kauliza tunatafuta nini. Nikamwambia popo. Tukishawapata? Tunawaachia. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Anasema hao ndio wanaomlia tende zake, na serikali inaleta watu wawashike kisha wawaachie! Mbuzi wake walikuwa wanatafuna kamba ya hema letu. Nimewafukuza mimi, yeye hakujisumbua.

Jumatatu, 28 Mei

Nyavu zimejibu. Jana tulizitanda juu ya dimbwi, maana popo wakitoka pangoni maghrib kitu cha kwanza ni maji. Nikaenda kusali, niliporudi Nahashon alishamtoa mmoja. Mkia mrefu kama wa panya, pua kama aliyegonga ukuta. Nikampokea. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, naona kidole changu kinatikisika. Nahashon akampuliza manyoya ya tumbo, akatazama kwa tochi. Jike, ana mimba. "Ni mama ya mtu," akasema, akaenda kumtundika kwenye mwamba polepole. Harushi mnyama hewani kama nilivyofundishwa mimi chuoni. Anawasemesha Kikisii. Nikamwuliza wanaelewa? Akasema Kiingereza ndicho hawapendi.

Anahadithia Ghana. Baada ya mvua za mwanzo nyavu zilikuwa zinaning'inia kwa uzito wa popo, matumbo yamejaa maembe, harufu mpaka kwenye chakula. Popo akijifunga vibaya, yeye anakata wavu. Wavu ghali! Bosi wao Mfaransa alikuwa anakaribia kulia. Nahashon anacheka mwenyewe akikumbuka.

Leo asubuhi hakucheka. Nilichelewa kuamka na nikasema mstari wa chini nitauzungukia mimi, wewe kanywe chai. Nikafika jua limeshapanda. Panya wa jangwani, mdogo, amekauka ndani ya bati. Nikataka kumtupa. Nahashon akamtoa mkononi mwangu, akamfukia chini ya jiwe, chai akaiacha. Adhuhuri akasema: "Madam, huyu hakuja mwenyewe. Sisi ndio tulimwita."

Nilikasirika. Nani bosi hapa? Lakini nimeshinda na aibu mpaka sasa naandika.

Alhamisi, 31 Mei

Nyumbani mjini, Madinat Sultan Qaboos. Wikendi. Mitego tumeifunga milango, Jumamosi tunaifungua tena.

Mama kanisimamisha mlangoni: "Nguo hizo vulia huko huko nje! Wewe na popo, sijui nani kamfuata mwenziwe." Bi Hajar wangu. Kaitoka Unguja mwaka wa sitini na tano na kila kitu kimebaki huko ila mdomo.

Nahashon alipita kuniachia nyavu nizishone, na mkewe alikuwa naye. Jemimah, anasuka nywele saluni ya wanawake mtaa wa Wadi Kabir. Mama hakuwaacha waondoke. Wali wa nazi, samaki, achari. Jemimah anasema "chakula iko tamu sana", mama anamsahihisha, "kitamu, mwanangu, kitamu", wote wanacheka mpaka machozi. Kisha Jemimah kampandisha mama kitini kamsuka nywele zake zile chache. Mama anajitazama kwenye kioo kila saa. Anasema nna hamu huyo binti arudi tena, ana mkono mwepesi.

Mume anamtazama mkewe akisuka, kimya, kikombe mkononi. Mtu anatazamwa vile! Mimi nilipewa talaka na mtu aliyekuwa anatazama taarifa ya habari.

Jumapili, 3 Juni

Suud kapiga simu saa tatu asubuhi. Suud ndiye mkurugenzi wetu, hasemi salamu akiwa na haraka. Kuna tufani baharini, jina lake Gonu, haijulikani itapiga wapi. Fungeni kila kitu mrudi leo. Leo leo! Anataka pikapu na nyavu zake.

Tukagawana. Nahashon nyavu za dimbwini na vyombo vya pangoni, mimi mistari ya mitego. Mbingu nyeupe, hakuna upepo hata wa kupeperusha karatasi. Nilianza chini, nikapanda kati, mgongoni gunia la mabati linagongana kama jiko la harusi. Kufika mstari wa juu — hakuna kitambaa hata kimoja. Nikatazama huku, nikatazama kule. Vichaka vitupu. Nikamshukuru Nahashon kwa moyo mmoja. Akishuka kutoka pangoni anapita papo hapo, basi kanifanyia hisani kautoa mwenyewe. Nikakaa kwenye jiwe nikanywa maji.

Tulipokutana garini Suud alishapiga simu mara mbili zaidi. Kawaida tunahesabu mitego kabla ya kuwasha gari. Hatukuhesabu. Nahashon alikaza kamba, mimi nikakaa mbele nikavua viatu.

Bakhit alikuwa amesimama njiani na mbuzi wake. Nikashusha kioo nikamwambia kuna tufani, hama bondeni. Akasema yeye kaona mvua kabla sijazaliwa.

Jumatatu, 4 Juni

Stoo, peke yangu. Nahashon kapewa mapumziko. Nimepanga mitego rafuni. Mstari wa chini upo. Wa kati upo. Wa juu haupo. Nimetazama nyuma ya mapipa, ndani ya hema, chini ya pikapu. Haupo!

Nilimpigia baada ya magharibi. Nikasema, wa juu uliutoa wewe, sivyo? Akasema: "Hapana madam. Si wewe?" Nikamwambia vitambaa havikuwepo. Kisha akasema Jumamosi alimwona mbuzi mmoja ana kitu chekundu kinaning'inia mdomoni. "Nilicheka, madam. Nilicheka tu, sikufikiria."

Mbuzi! Wamevila vitambaa vyote. Mitego iko palepale imetegwa, milango wazi, chambo ndani.

Sote tulijua maana yake. Kilichoingia jana kimeshakufa, na kitakachoingia leo kitakufa kesho. Na ikija mvua, ndio wazame ndani ya masanduku. Nikasema jamani, maskini viumbe vile. Nikasema tena, na mimi kesho Suud kaniita kikao. Sijui kwa nini nilikitaja. Najua kwa nini.

Akasema: "Wacha nipitie asubuhi mapema. Ni kuenda na kurudi tu. Nikona funguo za pikapu."

Khabari nilikuwa nimeshazisikiliza. Walikuwa wanasema tufani imezidi nguvu na inaelekea kwetu. Ningesema usiende. Neno moja. Nikasema, "Ukiona vyema, Nahashon."

Ukiona vyema! Maneno ya bosi hayo. Akasema sawa, madam.

Jumanne, 5 Juni

Kaondoka alfajiri. Jemimah alinipigia kuniuliza kama nna mwavuli wa ziada, saluni inavuja. Akasema Nahashon ameenda kumalizia kazi kidogo.

Kikao kimevunjwa, ofisi zimefungwa, watu wote wamekimbilia madukani kununua maji na mikate. Saa nne nilipata ujumbe kwenye simu:

"Nimefika. Ni ukweli mbuzi wamemaliza vitambaa. Natafuta moja moja. Nimepata na kalunguyeye mzima."

Nikamjibu, achana nayo, rudi sasa hivi. Ujumbe haukuenda. Nikatuma tena. Nikapiga. Mwanamke wa mtandao anasema nambari haipatikani. Nimepiga mpaka kidole kinauma. Anasema haipatikani, haipatikani, kwa Kiarabu kisha kwa Kiingereza, sauti nzuri kabisa.

Mvua imeanza saa nane mchana, ya ubavuni. Bahari huko Shati, mtaa wa pwani, imepanda barabarani, jirani kaja kuhadithia. Mama anasoma Yasin. Kaniuliza mbona natembea tembea. Nikamwambia kuna mfanyakazi wetu yuko nje. Kauliza nani. Nikamwambia Nahashon. "Yule wa Jemimah? Kenda wapi na hali hii?" Kenda kazini, mama. "Kazi gani?"

Kazi gani.

Jumatano, 6 Juni

Umeme hakuna. Dirisha la chumba cha wageni limeingia ndani zima zima. Tumeweka godoro. Mimi na mama ukumbini.

Upepo haunyamazi. Unavuma kama lori lililosimama mlangoni na halizimi.

Najua bonde lile. Pande zote mbili mwamba, wima, njia ya gari ndiyo hiyo hiyo njia ya maji. Mimi ndiye niliyelichora kwenye ramani.

Ya Rabbi, ulimtoa mtu kwenye tumbo la samaki.

Simu imezima.

Alhamisi, 7 Juni

Jua! Jua zuri, mbingu kama iliyooshwa. Nimelichukia.

Nimetoka kwa miguu mpaka Qurum. Tope mpaka kiunoni mwa watu, magari yamelaliana, friji iko juu ya mti. Mabombani hakuna maji. Watu wamepanga ndoo kusubiri lori la maji. Barabara ya Qurayyat imekatika, daraja limekwenda, kila mtu anasema hivyo na hakuna aliyeiona.

Nimekwenda polisi. Afisa mwenye macho mekundu kaandika jina. Kaniuliza ni nani yako? Nikasema mfanyakazi mwenzangu. Akauliza alikwenda lini? Jumanne. Jumanne asubuhi? Ndiyo. Akaacha kuandika akanitazama. "Jumanne tulishatangaza watu wasikaribie mabonde." Najua. "Na nani alimruhusu?" Nikasema sijui.

Nimesema sijui! Kwa kinywa changu, kwa polisi, hata sikubabaika.

Ijumaa, 8 Juni

Nimefika Wadi Kabir kumchukua Jemimah. Chumba chao cha chini kiliingia maji mpaka juu ya kitanda, yeye na wenzake wawili wamelala siku zote hizi kwenye ngazi za jengo. Alinikumbatia kabla sijafungua mdomo. Kila kitu chao kimeloa, kaokoa mfuko mmoja: pasipoti zao, na suruali mbili za Nahashon na shati. Anasema mumewe atatoka huko hana nguo kavu.

Mama kamwandalia chumba changu. Chakula hataki. Kaomba pasi. Umeme ulikuwa umerudi mtaani kwetu, basi kasimama hapo anapiga pasi suruali, mshono kwa mshono, anaimba kitu cha kanisani kwa sauti ndogo. Kisha akauliza, bila kugeuka: "Madam, ni nani alimtuma? Yeye hawezi kutoka tu hivi hivi na hiyo hali ya hewa. Aliniambia ni kitu ya ofisi."

Mama yuko mlangoni na sinia. Mama nimeshamwambia yote, jana. Kanitazama. Nikasema: ilikuwa mitego, Jemimah, ilisahaulika mitego.

"Nani alisahau?"

Mbuzi, nikasema. Nikaeleza habari za mbuzi, kwa urefu, mpaka na vitambaa. Akatikisa kichwa akasema Nahashon na hao wanyama wake. Karibu acheke. Akarudi kwenye suruali.

Jikoni mama akanishika mkono. "Mwambie, Muhsina. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mtu. Maji yakishamwagika hayazoleki, lakini usimwache akayakanyaga hajui." Nikamwambia nitamwambia. Kasema lini? Nikamwambia mama, niache.

Jumamosi, 9 Juni

Suud kafungua ofisi. Nimekwenda kumwomba apige simu kwa watu wake wakubwa, anao wengi, helikopta za jeshi zinakwenda huko kila siku. Kitu cha kwanza kaniuliza pikapu iko wapi. Kitu cha pili, nani alimruhusu kuichukua siku ambayo si ya kazi. Akasema ajali haina kinga, na kwamba bora tuseme alikwenda kwa hiari yake, maana kwa kweli alikwenda kwa hiari yake, au vipi? Ananiangalia anangoja nikubali. Nikamwambia alikwenda kwa sababu yangu. Akasema: "Usiseme hivyo mbele za watu, Muhsina." Kanifungulia mlango kwa adabu.

Nimeweza kumwambia Suud. Suud hakunigharimu kitu.

Alasiri simu imelia, nambari siijui. Bakhit! Sauti yake iko mbali na anapiga makelele kama anayeita mbuzi. Yu hai yeye, kapanda juu na wanawe. Mbuzi wake karibu wote wamekwenda. Nambari yangu kaitoa kwenye karatasi niliyompa siku ya kwanza. Anasema gari letu kaliona. Liko chini kabisa, limelala ubavu kwenye mitende. Masanduku yetu ya bati yamo nyuma, yamefungwa kwa kamba, hayakutoka hata moja.

Nikauliza na mtu?

Mtu hakumwona. Mlango wa dereva uko wazi. Akasema tena, mlango uko wazi, nadhani alitaka kunipa kitu. Akasema Allah karim, simu ikakatika.

Basi aliyapata yote. Aliyakusanya, akayafunga kwa kamba, akawasha gari. Alikuwa anarudi.

Jemimah alikuwa uani anaanika. Kauliza nani amepiga. Nikasema mtu wa kule, anasema barabara kesho huenda ikafunguliwa. Barabara! Hata sikujua kama ni kweli, niliizua hapo hapo. Kafurahi, kaingia ndani kwenda kufunga mfuko.

Nimekaa chooni na bomba wazi ili nisisikike. Bomba halina maji.

Jumapili, 10 Juni, njiani

Ilikuwa kweli. Wamefungua, kwa magari ya msaada na ya wenye jamaa zao. Mama katufungia mikate na chupa za maji. Kambusu Jemimah kichwani, mimi kaninong'oneza: "Njiani. Mwambie njiani."

Tangu Amerat nimeufungua mdomo mara nne. Nilisema Jemimah, akasema naam? Nikasema funga mkanda. Nikasema Jemimah, nikaonyesha mlima. Anaongea yeye. Anasema walipanga wakirudi Kenya mwisho wa mwaka Nahashon afungue kitalu cha miti, shamba lipo, na kaninunulia mimi zawadi Mutrah lakini nisimwambie kama nimejua. Anasema Nahashon alimwambia Waarabu wengine wanampigia kelele ila madam hapigi kelele. Ningempigia! Siku ile moja ningempigia kelele, akae kwake, anichukie.

Mahali palipokuwa na daraja pana tingatinga na foleni ya magari. Askari mdogo, viatu vyote tope. Kaniambia jamaa tu ndio wanapita, wewe ni nani wake? Jemimah akafahamu kwa ishara tu anaulizwa nini, akajiinamisha kwangu, akajipiga kifua, "Ana! Zawja!" Mimi, mke. Kisha akaniwekea mimi mkono begani. Kasema, ukht. Dada. Kwa Kiswahili akaniambia, "Mwambie wewe ni sister yake, hawatajua." Nikamwambia askari, mimi ni dada yake. Kanitazama ngozi, kamtazama Jemimah, akaandika.

Tumewekwa pembeni tungoje tingatinga limalize. Juu ya miamba kuna matakataka yamekwama, mbali juu ya kichwa cha mtu yeyote. Nguo, matawi, kiti cha plastiki. Jemimah anayatazama.

Sasa hivi askari yule karudi. Kainama dirishani kwangu. Huyo ndugu yenu, kauliza, ni Mwafrika, mrefu? Nikasema ndiyo. Akasema yuko mmoja aliletwa mustashfa ya Qurayyat Alhamisi na watu wa bondeni, hana karatasi, hakuna aliyemtambua. Mkifika nendeni mkamtazame. Akaenda kwenye gari la nyuma.

Aliletwa. Hakusema mzima, hakusema maiti. Dirisha lilikuwa wazi, maneno ninayo, Kiarabu nimekisomea tangu skuli. Sikumwuliza. Angenijibu, na akishanijibu, wa kumwambia Jemimah ningekuwa mimi.

Neno mustashfa kalisikia. Analijua, wateja wake saluni wanalitumia. Kanishika mkono wa kushoto, kaukaza. "Sister, amesema nini? Ni hospitali? Amesema yuko hospitali?"

Nimemwambia ngoja kidogo. Nikasema naandika alivyotuelekeza njia, nisije nikasahau. Mkono hajauachia. Anakitazama kitabu hiki juu ya usukani, anafuata kalamu kutoka kulia kwenda kushoto. Kiswahili changu tangu utotoni nakiandika kwa herufi alizonifundisha mama, za Kiarabu. Hawezi kusoma hata neno. Anadhani ni maneno ya askari.

Gari la mbele limeondoka. Nyuma wanapiga honi. Ananiuliza tena, pole pole, kama anayeogopa kunikatiza. Bado naandika.